Baba ni mwanajeshi mstaafu, hataki nisomee biashara ya silaha

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni binti wa miaka 28, nafundisha Historia na Kiswahili katika sekondari moja ya serikali wilayani Rungwe. Shahada ya kwanza niliichukulia Mkwawa, Iringa, nikamaliza na GPA ya 3.9. Nimeshathibitishwa kazini. Kazi naipenda na wanafunzi wangu nawapenda, ila kuna jambo halinitoki kichwani, na sasa limeleta ubaridi nyumbani.

Nataka kusoma uzamili, na Mungu akijalia uzamivu, katika usalama wa kimataifa, hasa biashara ya silaha: nani anamuuzia nani, kwa bei gani, nani alitoa kibali, na silaha zikishauzwa zinaishia mikononi mwa nani. Najua si jambo la kawaida kwa mwalimu wa Tukuyu.

Chanzo chake ni mama. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi. Nikiwa sekondari, alirudi siku moja akasema shule yao imepata vitabu vipya, na walimu wanaviita vya "chenji ya rada". Nikamuuliza rada na kitabu cha Hisabati vinahusiana nini. Akaniambia nikamuulize baba. Baba hakujibu. Nilipofika chuo nikaanza kutafuta mwenyewe, na tangu hapo sijaacha.

Baba alikuwa JWTZ. Alikwenda vita vya Kagera akiwa kijana mdogo, akastaafu na cheo cha sajenti, sasa analima ndizi na parachichi. Nilipomweleza nia yangu alinyamaza mpaka tukamaliza kula, kisha akasema: "Hayo mambo yana wenyewe. Ukianza kuuliza silaha zinatoka wapi, na wewe utaulizwa umetumwa na nani." Hataki tuzungumze tena. Mama naye anasema mtoto wa kike na bunduki wapi na wapi. Baba mdogo, aliyepo Mbeya mjini, ananishauri nisomee uongozi wa elimu ili niupate ukuu wa shule, kwamba huko ndiko kuna mkate.

Naomba unisaidie mambo matatu. Je, baba ana haki ya kuogopa? Je, hii ni kazi kweli, mtu anaweza kuishi nayo hapa Tanzania? Na mtu aliyeko huku kwetu, mbali na Dar es Salaam, anaanzia wapi?

Ndaga fijo.

Binti wa Rungwe

---

Marahaba, binti yangu. Jibu nalitanguliza: kasome. Lakini usiache kazi kwanza, na usiondoke nyumbani ukiwa umegombana na baba yako. Yote mawili yanawezekana.

Nianze na baba, maana naona ndiye anayekuuma zaidi kuliko hata ada. Usimwone mtu wa zamani asiyeelewa dunia. Huyo ni mtu aliyekula kiapo, akaishi miaka mingi akijua kwamba neno moja likitoka kambini linaweza kumfunga yeye au kumuua mwenzake. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 ipo, na mtu akistaafu haimwachi. Sasa anamsikia binti yake anataja silaha, anachokiona ni ghala, geti na mlinzi. Swali la "umetumwa na nani" hakulitunga kukukatisha tamaa. Ndilo swali ambalo yeye mwenyewe angemuuliza raia yeyote aliyesogea kwenye uzio.

Kwa hiyo ndiyo, ana haki ya kuogopa. Ila anaogopa kazi ambayo siyo unayoitaka wewe. Wewe hutaki kujua kilichomo ghalani. Unataka kujua mkataba uliosainiwa, kibali kilichotolewa, bei iliyolipwa na hukumu iliyosomwa mahakamani. Hivyo viko wazi, na ni vingi kuliko watu wanavyodhani.

Chukua hiyo hiyo rada yako. Serikali yetu ilinunua mfumo wa rada kutoka BAE Systems, kampuni ya silaha ya Uingereza, kwa takriban pauni milioni 28. Serikali ya Tony Blair ilitoa kibali cha kuuza nje mwishoni mwa mwaka 2001, huku waziri wake mwenyewe wa maendeleo ya kimataifa, Clare Short, akipinga, na Benki ya Dunia ikihoji kama nchi maskini ilihitaji mfumo wa bei ile. Desemba 2010 kampuni ilikiri mahakamani London kosa la kutotunza kumbukumbu sahihi za hesabu. Katika mkataba wa takriban dola milioni 40, kiasi cha dola milioni 12.4 hivi kilikuwa kimelipwa kwa kampuni za wakala. Mahakama iliipiga faini ya pauni 500,000, na kwa makubaliano na waendesha mashtaka pauni milioni 29.5 zikarudi kwa Watanzania, zikanunua vitabu na madawati. Hiyo ndiyo chenji aliyoisema mama yako.

Sasa tazama yalivyojulikana. Hakuna aliyeruka ukuta wa kambi. Kulikuwa na maswali bungeni, waandishi wa magazeti waliofuatilia kwa miaka, wachunguzi wa makosa ya fedha, hatimaye maelezo ya jaji yaliyosomwa hadharani. Mtafiti wa fani hii kazi yake ni kuyaweka pamoja yale yaliyotawanyika na kueleza kwa nini yalitokea. Ni kazi ya makaratasi, uvumilivu na hesabu. Mwalimu wa Historia anaijua tayari nusu yake.

Ushauri wangu kwa baba ni huu: usimshawishi kwa maneno, mwonyeshe. Kaa naye siku ambayo hana haraka, fungua kwenye simu takwimu za SIPRI, taasisi ya Stockholm iliyoanzishwa mwaka 1966. Wanatunza orodha ya silaha kubwa zilizohama kutoka nchi hadi nchi tangu mwaka 1950, na mtu yeyote anaisoma bure. Tafuta Tanzania. Ataona vifaa vya China alivyovijua ujanani, na mwaka viliponunuliwa, vimeandikwa na watu wa Sweden ambao hawajawahi kukanyaga kambini kwake. Nadhani hapo ndipo hofu yake itaanza kupungua, maana ataelewa kwamba siri aliyoitunza yeye ni nyingine kabisa na wewe hujaigusa.

Kisha mpe ahadi, na uitimize. Hutamuuliza habari za kikosi chake. Hutapiga picha kambi wala kuandika majeshi yetu yako wapi leo. Utafiti wako utakuwa na kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na barua za mkoa na wilaya kabla hujamhoji hata mzee mmoja. Sisemi haya kumtuliza baba tu. Mtafiti wa silaha asiye na vibali anajiweka hatarini yeye, na anawaweka hatarini zaidi wale waliokubali kuzungumza naye, na hao mara nyingi hawana wakili wala ndugu mjini.

Mama naye mwambie kwamba Septemba 2021 Rais alimteua Stergomena Tax kuwa Waziri wa Ulinzi, mwanamke wa kwanza nchini kushika wizara hiyo. Ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia upunguzaji wa silaha inaongozwa na Izumi Nakamitsu wa Japani tangu mwaka 2017. Na King's College London kuna Kituo cha Uongozi wa Afrika, alichokianzisha Profesa Funmi Olonisakin wa Nigeria, ambacho kimelea wanawake wengi wa Kiafrika katika masomo ya amani na usalama. Kitafute, kinakuhusu moja kwa moja.

Sasa fani yenyewe, maana wengi huingia wakidhani ni kuhesabu ndege na vifaru. Kuna tawi la silaha kubwa, ambalo ndilo la SIPRI. Hapo uwe mwangalifu na kitu kimoja: namba wanazotoa kulinganisha nchi si fedha zilizolipwa. Ni kipimo chao wenyewe cha uwezo wa kivita wa silaha iliyohamishwa. Wanafunzi wengi huandika ni dola, na msimamizi akiliona hilo anajua hukusoma maelezo. Tawi la pili ni silaha ndogo: bunduki, bastola, risasi. SIPRI hawazihesabu. Wanaozifuatilia ni watu wa Small Arms Survey wa Geneva, na makadirio yao ya mwaka 2017 yalikuwa kwamba raia duniani wanamiliki bunduki milioni 857. Afrika yetu wauaji wakubwa ni hizo ndogo, na ndizo zisizo na takwimu za kuaminika. Kama ningekuwa wewe ningeingia huko.

Nikueleze kinachofanyika kwa ukaribu. Ganda la risasi likiokotwa baada ya mapigano, ukiligeuza ukaangalia kitako chake, mara nyingi utakuta pamegongwa herufi au namba kuzunguka duara dogo la fataki, yaani kiwashio cha baruti: alama ya kiwanda na mwaka. Ukijua kiwanda, unamwandikia mtengenezaji na nchi yake: shehena hii mlimuuzia nani? Wakijibu, unakwenda kwa huyo mnunuzi. Wengine hawajibu kabisa, na ukimya wao unauandika pia kwenye ripoti. Hivyo ndivyo Kundi la Wataalamu wa Umoja wa Mataifa kuhusu Kongo limekuwa likifanya tangu mwaka 2004, na ripoti zake ni za wazi. Tuliwazika vijana wetu waliouawa wakilinda amani Semuliki, Kivu Kaskazini, huko Kongo, Desemba 7, 2017. Zaidi ya askari kumi wa Tanzania kwa usiku mmoja. Swali la bunduki zile zilipitia wapi kufika msituni si swali la Wazungu, ni letu. Na wewe una kitu ambacho mtafiti wa Ulaya analipia: Kiswahili. Kivu, Burundi, hata sehemu za Cabo Delgado, Msumbiji, utazungumza na watu bila mkalimani. Ongeza Kifaransa. Anza sasa, polepole, maana nyaraka nyingi za Kongo ziko kwa lugha hiyo.

Umeniuliza mtu wa huku anaanzia wapi. Hapa nina mengi ya kusema, kwa sababu inaniuma kuona vijana wetu wa Nyanda za Juu Kusini wakiandika tasnifu za Syria na Ukraine, wakati nyumbani hakujaandikwa.

Chuo ulichosoma kimebeba jina la Mkwawa. Agosti 17, 1891, pale Lugalo, Iringa, Wahehe waliivamia safari ya kijeshi ya Mjerumani Zelewski, wengi wao wakiwa na mikuki, wakaondoka na bunduki zipatazo 300. Hilo tunafundisha darasani. Tusilofundisha ni kwamba mwaka mmoja kabla, Julai 2, 1890, mataifa makubwa yalikuwa yametia saini mkataba Brussels uliozuia kuingiza bunduki za kisasa Afrika, kati ya latitudo nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini. Sababu iliyotajwa ni kukomesha biashara ya watumwa. Majeshi ya kikoloni yenyewe yaliendelea kupokea bunduki. Kwa hiyo Mkwawa alizipata bunduki, lakini risasi na baruti za kuzitumia, katika miaka mitatu kabla boma lake la Kalenga halijaanguka Oktoba 1894, zilitoka wapi na kwa mkono wa nani? Hilo ni swali la uzamili lenye nguvu, linaunganisha mkataba wa kimataifa na kilima unachokijua. Na ukilishika vizuri utauelewa pia Mkataba wa Biashara ya Silaha wa leo, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa Aprili 2, 2013, kwa sababu mjadala haujabadilika sana: nani anaruhusiwa kuwa na silaha, na nani anaamua.

Au kaa karibu zaidi na wakati wetu. Mgagao, Iringa, palikuwa na kambi ya wapigania uhuru wa ZANLA wa Zimbabwe miaka ya 1970. Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikuwa na makao Dar es Salaam tangu mwaka 1963 hadi 1994. Silaha za ukombozi zilipita kwenye nchi hii kwa miaka thelathini, na wazee walioziona zikipita wanapungua kila mwaka. Anza na nyaraka, kisha wazee.

Na kuna gobole. Polisi wa mikoa hii hutangaza watu wasalimishe silaha kwa hiari, na yanayoletwa ni hayo: bomba la chuma, kitako cha mti kilichochongwa kwa panga, baruti inashindiliwa mdomoni kwa ufito. Halina namba. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ya kudhibiti silaha ndogo, inazitaka nchi wanachama, nasi tumo, kugonga alama kwenye kila silaha. Sheria yetu ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 nayo inasimamia leseni na usajili. Mfumo wote huo umejengwa juu ya namba, wakati gobole la kijiji kinachopakana na Hifadhi ya Ruaha limefuliwa na fundi anayejulikana na kila mtu. Nani anayafua, anauza kwa nani, na kwa nini mtu analisalimisha au halisalimishi? Ukilijibu hilo kwa uaminifu na kwa kuwalinda waliokueleza, watakusoma Geneva.

Suala la mkate nitalisema kwa kifupi na kwa ukweli. Nafasi ni chache. Utafundisha chuo kikuu, Dar es Salaam au Dodoma, au Chuo cha Diplomasia pale Kurasini. Nje ya hapo kuna RECSA, taasisi ya silaha ndogo iliyoko Nairobi, ISS, taasisi ya masomo ya usalama ya Pretoria, na taasisi ya amani na usalama ya Chuo Kikuu cha Addis Ababa. GPA yako inakuweka ndani, maana matangazo mengi ya uhadhiri msaidizi hutaka 3.8 shahada ya kwanza na 4.0 uzamili. Udhaifu wako ni kwamba shahada yako ni ya ualimu. Kwa hiyo uzamili usichukue wa elimu, chukua wa uhusiano wa kimataifa au wa usalama. Baba mdogo ana hoja kuhusu ukuu wa shule na sitambeza. Ila shahada ya uongozi unaweza kuisoma hata ukiwa na miaka 40. Ufadhili wa fani hii ni vigumu kuupata ukichelewa.

Kuhusu kazi: mwajiri wako ni Mkurugenzi wa Halmashauri. Ombi la ruhusa ya masomo lipitie kwa mkuu wa shule na afisa elimu sekondari, na usiondoke kabla jibu halijaandikwa. Wapo walimu walioondoka kwa ahadi ya mdomo wakaja kukuta wameandikwa watoro. Kama unadaiwa na Bodi ya Mikopo, ile asilimia 15 ya mshahara itaendelea kukatwa, ipangie. Uzamili wa kujilipia kwa mkopo wa benki siukubali kabisa kwa fani yenye ajira chache hivi. Tafuta udhamini: Chevening na Commonwealth za Uingereza, DAAD ya Ujerumani, Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya. Chevening wanataka uzoefu wa kazi wa miaka miwili, nao unao, na wanakutaka urudi nyumbani kwa miaka miwili baada ya masomo. Hilo la kurudi mwambie baba.

Neno moja kuhusu fedha za utafiti huko mbele. Baadhi ya taasisi za usalama hupokea pesa za wizara za ulinzi na hata za watengenezaji wa silaha. Uliza mapema nani analipa, na kama unaruhusiwa kuchapisha matokeo asiyoyapenda. Wakikwepa kujibu, kataa. Baba yako alishakuuliza swali hilo hilo mezani, uwe na jibu safi la kumpa kila mwaka.

Fomu za Chevening hufunguliwa Agosti na kufungwa mwanzoni mwa Oktoba. Wiki hii mwandikie mhadhiri mmoja wa Historia wa Mkwawa anayekukumbuka. Usimwombe barua ya kukupendekeza bado. Mpelekee kurasa mbili za swali lako la Lugalo au la gobole, umwombe akosoe. Akishayasahihisha maandishi yako ndipo umwombe barua, atakuwa na cha kuandika.